Mama Bustani Anajibu: Nyanya ya Chupani na Maji ya Chumvi

Swali, kutoka Kunduchi Mtongani

Shikamoo Mama Bustani. Mimi ni kijana, nalima bustani ya robo eka nyuma ya nyumba ya baba mkubwa hapa Mtongani, si mbali na mashamba ya chumvi. Nalima nyanya, hoho na mchicha, namwagilia kwa maji ya kisima. Tangu kiangazi kilichopita maji yamekuwa na ladha ya chumvi, majani ya hoho yanaungua ncha, na asubuhi naona ukoko mweupe juu ya udongo. Jamaa anayeuza mashine za kuchuja maji alinipimia kwa kifaa chake, EC, kile kipimo cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, ikasoma 3.0. Sasa kuna mtu anapita mtaani na miche ya nyanya kwenye vikopo vya plastiki. Anasema ni miche ya tishu, imetoka maabara, imezoeshwa chumvi tangu chupani. Mche mmoja anauza bei ya miche kumi ya kitaluni. Na fundi wa visima ananiambia nichimbe zaidi, maji baridi yako chini. Nimfuate nani?

Jibu

Marahaba mwanangu. Pesa yako itunze kwanza, usimpe muuza miche wala fundi wa visima. Kazi ya maabara ya tishu ndiyo iliyonilea na kunisomeshea watoto, mikono ikinuka jiki na spiriti tangu asubuhi, na kazi ile naipenda mpaka leo. Ndiyo maana inaniuma nikisikia jina lake linatumika kumpandishia kijana bei ya mche wa nyanya.

Tuanze na nyanya yenyewe. Mche wa tishu ni kazi ya mikono tu. Mtu anakata kipande cha ncha ya chipukizi, anakitakasa, anakipandikiza kwenye chupa yenye chakula, baada ya wiki kadhaa anakitoa, anakigawa, anakihamishia chupa nyingine. Kuvu wakiingia chupani, kazi yote inamwagwa. Gharama hiyo inajilipa kwa mazao tusiyopanda kwa mbegu: mgomba, muhogo, nanasi, viazi. Huko tunapanda chipukizi au pingili, na chipukizi hubeba magonjwa ya mama yake, kwa hiyo mche safi wa maabara una thamani kubwa. Nyanya moja iliyoiva imejaa mbegu. Mkulima wa nyanya hana haja ya kupitia chupani, na mtu anayekuuzia nyanya ya tishu kwa ajili ya bustani anatakiwa akueleze kwa nini aliingia gharama hiyo.

Lakini tuseme anasema kweli, miche yake imetoka chupani na chupa ilitiwa chumvi. Bado hajakuonyesha kwamba itaishi kwako, kwa sababu chupa inaubeba mmea kwa namna nyingi.

Kubwa kuliko zote ni hewa. Ndani ya chupa iliyofungwa hewa imejaa unyevu, jani halipotezi maji, na kwa kuwa halipotezi maji, mzizi hauvuti kwa nguvu. Chumvi hupanda jani ikiwa imechukuliwa na maji hayo yanayovutwa. Hapo Mtongani saa nane mchana, kaskazi inavuma na jua limekaza, mmea unakunywa na kutoa jasho mfululizo. Maji yanakwenda zake hewani, sodiamu na kloridi vinabaki kwenye jani. Majani ya zamani ndiyo yanayojaa kwanza, ndiyo maana hoho zako zinaungua kuanzia chini. Mche wa chupani haujakutana na siku kama hiyo hata moja. Ni sawa na kumpima nahodha chombo kikiwa kimefungwa gatini.

Halafu kuna chakula. Chupani tunatia sukari, kwa kawaida gramu 30 kwa lita, hivyo mche unakula hata kama jani lake halifanyi kazi vizuri. Na mchanganyo wa madini unaotumika karibu kila maabara, ule wa Toshio Murashige na Folke Skoog uliochapishwa mwaka 1962, una nitrati ya potasiamu gramu 1.9 kwa kila lita. Sodiamu hujipenyeza mmeani kwa njia zilezile zinazopitisha potasiamu. Potasiamu ikiwa tele, mmea unaweza kuchagua na kuikataa sodiamu. Mchanga wa pwani hauna potasiamu ya kiasi hicho. Mche uliokuwa unachanua mikono kwenye chupa yenye gramu 6 za chumvi kwa lita unaweza kunyauka kwenye bustani yenye chumvi pungufu ya hiyo.

Kwa hiyo muulize muuzaji jina la aina ya nyanya hiyo, na kama imesajiliwa na mbegu zake zimethibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Umuulize pia ilipandwa udongoni wapi, ikamwagiliwa maji ya EC ngapi, na ilizaa kilo ngapi ukilinganisha na nyanya ya kawaida iliyopandwa pembeni yake. Mtu wa maabara wa kweli atafurahi kuulizwa hayo. Ukitaka kuona kazi ya tishu ilivyo, uliza utaratibu wa kutembelea kituo cha TARI Mikocheni, cha taasisi ya utafiti wa kilimo, hakiko mbali na kwako.

Sasa tuje kwenye namba yako, maana hiyo 3.0 ndiyo yenye faida kuliko kitu chochote ulichoniandikia. Ni desisimensi 3 kwa mita. Kwa makadirio, kila desisimensi moja ni miligramu 640 za chumvi kwa lita, hivyo dumu lako la lita 20 lina gramu 38 hivi, vijiko viwili vikubwa. Ukimwagilia madumu 10 kwa siku, ndani ya mwezi umeingiza bustanini zaidi ya kilo 11 za chumvi. Maji yanakauka, chumvi haikauki. Huo ukoko mweupe ni kilo zako hizo. (Kama ni kile kikalamu kinachoonyesha ppm, yaani miligramu kwa lita, badala ya EC, vingi vya bei nafuu huzidisha kwa 500 na si 640, kwa hiyo gawa kwa 500 upate EC. Soma kikaratasi chake kwanza.)

Udongo huwa na chumvi kuliko maji yanayoumwagilia. Ukimwagilia vizuri, na kuzidisha kidogo ili maji mengine yapite chini ya mizizi, udongo wa maji ya 3.0 hufika kama 4.5. Mwaka 1977 Maas na Hoffman, watafiti wa maabara ya chumvi ya Riverside huko California, walichapisha jedwali la mazao na uvumilivu wake, na mpaka leo ndilo tunalolishika. Nyanya huvumilia udongo wa hadi 2.5, kuanzia hapo hupoteza karibu asilimia 10 ya mavuno kwa kila desisimensi moja inayoongezeka. Kwako hiyo ni hasara ya moja ya tano. Hoho huishia 1.5 na kupoteza asilimia 14 kila hatua, kwa hiyo unakosa kama asilimia 42. Karoti ungepoteza nusu, kitunguu zaidi ya nusu, maharage theluthi mbili. Hayo matatu usiyaguse kwa maji hayo.

Jamii ya bitiruti huvumilia hadi 4.0. Na hapa kuna habari njema kwa mtu wa Dar: spinachi tunayokula mjini, ile yenye jani pana na bua nene jeupe, sehemu kubwa si spinachi halisi. Ni ndugu wa bitiruti, na mzazi wao wa porini huota ufukoni mwa bahari huko Ulaya. Chumvi iko kwenye ukoo wao. Kama ningekuwa mimi, nusu ya bustani ningeipa spinachi msimu huu, nyanya ningeiachia robo, hoho ningeipumzisha. Mchicha endelea nao, ni mvumilivu, ila uvune ukiwa mchanga.

Nyanya utakayobaki nayo, ilinde utotoni, kwani mche mdogo ndio unaoumia zaidi. Kitalu kimwagilie maji ya bomba au ya mvua, hamisha mche ukiwa umekomaa na una mizizi ya kutosha. Usiache udongo ukauke kabisa kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, maana maji yakipungua chumvi iliyobaki inakuwa kali. Tandaza nyasi. Usirushie majani maji. Ukiona matunda yanaoza kitako, chumvi inauzuia mmea kupata kalsiamu, usikimbilie dawa ya kuvu. Nyanya za maji ya chumvi kiasi huwa ndogo lakini huwa tamu zaidi, wateja wako waonjeshe.

Mbolea ya kuku punguza. Ina chumvi zake nayo.

Kuhusu kisima, hapana. Karibu na ufuo maji baridi huelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi, kwa sababu ni mepesi. Kwa kanuni inayojulikana, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita kama 40 chini yake. Maana yake, ukivuta maji mpaka usawa wake kisimani ukashuka nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Kuchimba zaidi hapohapo ni kuifuata bahari. Najua utaniambia habari za visima virefu vya Kimbiji na Mpera vilivyotoa maji baridi. Vile vimekwenda mamia ya mita na kufika tabaka jingine kabisa, si kazi ya fundi wa mtaani. Wewe vuta kidogo kidogo, asubuhi na jioni, usiache pampu ikinguruma mchana kutwa. Na majirani zako wavute hivyohivyo, maana maji hayo ya chini mnachangia.

Swali, kutoka Mlimani

Shikamoo Mama. Nasoma mwaka wa tatu chuoni, nimechagua mradi wa kupima uvumilivu wa chumvi wa nyanya chungu kwa njia ya tishu. Naogopa kufanya kazi ambayo haitamsaidia mkulima. Je, ni kweli seli zilizochaguliwa kwenye chumvi zinaweza kutoa mmea unaostahimili? Na nitumie viwango gani?

Jibu

Marahaba binti yangu. Umenifurahisha kwa kuchagua nyanya chungu. Dunia imeandika mno juu ya nyanya, na mboga zetu wenyewe zimebaki nyuma.

Ndiyo, imewezekana. Mwaka 1980 Nabors na wenzake walieleza jinsi walivyopata mimea ya tumbaku kutoka kwenye seli zilizochaguliwa ndani ya chumvi, na uvumilivu ukaonekana hata kwa vizazi vilivyofuata. Mwaka uliofuata Larkin na Scowcroft waliandika juu ya mabadiliko ya urithi yanayojitokeza mimea inapopita kwenye hatua ya seli. Watu wakajaa matumaini makubwa. Kilichokuja kuonekana mara nyingi ni kwamba bonge la seli, lile tunaloliita kalasi, linaishi vizuri kwenye chumvi, halafu mmea unaotokana nalo unashindwa. Kalasi haina mzizi wa kuchuja chumvi, haina jani la kutoa maji. Mmea mzima unaweza kustahimili kwa kuizuia sodiamu mzizini isipande juu, na kazi hiyo huwezi kuiona kwenye kalasi.

Tatizo jingine ni seli zilizozoea tu. Zimejikusanyia sukari na prolini, kemikali inayoisaidia seli kuvumilia chumvi, zikatulia, lakini jeni zake ni zilezile. Zipime hivi: zitoe kwenye chumvi, uzihamishe mara kadhaa kwenye chakula kisicho na chumvi, kisha uzirudishe. Zikianguka, zilikuwa zimezoea. Zikisimama, endelea mpaka upate mmea, upate mbegu, na upime watoto wa mbegu hizo. Mradi wa mwaka wa tatu hautoshi kwa safari hiyo yote, na msimamizi wako analijua hilo.

Kwa hiyo mimi nakushauri uiache kalasi. Tumia chupa kulinganisha aina: chukua aina kadhaa za nyanya chungu, takasa mbegu kwa jiki, otesha kwenye chakula chenye chumvi sifuri, milimola 50, 100 na 150. Hizo ni gramu 2.9, 5.8 na 8.8 kwa lita. Miche iliyokwisha kuota usiitupe ghafla kwenye 150, ipandishe taratibu, milimola 25 kila mara, ama sivyo utakuwa unapima mshtuko. Punguza chakula cha Murashige na Skoog hadi nusu, ile potasiamu isikudanganye. Rekebisha pH iwe 5.8 kabla ya kutia agari ya kugandisha, kisha upike kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20.

Kitu ambacho wanafunzi wengi hukisahau ni chupa za manitoli. Chumvi inaua kwa njia mbili. Kwanza inaufanya mmea uone kiu huku maji yapo, na hili hutokea haraka. Baadaye sodiamu inajaa jani na kulitia sumu, polepole. Ukiwa na chumvi peke yake hutajua mmea wako umeshindwa na kiu au sumu. Weka kundi jingine la chupa zenye manitoli, sukari isiyoliwa sana na mmea, kwa kiwango cha karibu mara mbili ya milimola za chumvi. Kiu itakuwa sawa, sumu haipo. Ukilinganisha makundi hayo mawili utakuwa na la kusema mbele ya watahini.

Usipime kuota peke yake. Mbegu inayoota kwenye chumvi inaweza kuwa mche dhaifu kabisa. Pima uzito mkavu, urefu wa mzizi, na uwiano wa potasiamu kwa sodiamu kwenye jani la juu na la chini. Halafu, na hili nakuomba kama mama yako, aina mbili zilizofanya vizuri na moja iliyofanya vibaya zitoe chupani, zizoeshe hewa ya nje polepole chini ya kivuli, uzipande kwenye ndoo za mchanga nje ya maabara na uzimwagilie maji ya chumvi hadi zizae. Mpangilio wa ubora wa aina kwenye ndoo ukifanana na ule wa chupani, umemsaidia mkulima. Usipofanana, umemsaidia vilevile, kwa sababu utakuwa umeonyesha kwamba kwa zao hili chupa haitoshi kuchagulia mbegu. Andika matokeo yoyote yatakayokuja.

Ukipata muda soma habari za nyanya pori ya visiwa vya Galapagos. Mwaka 1976 Rush na Epstein walionyesha kwamba iliweza kuishi kwenye maji yenye chumvi kamili ya bahari, wakati nyanya ya kawaida ilikuwa inashindwa ikizidi nusu. Tunda lake ni dogo, ila jeni zake zimewapa kazi wazalishaji wa mbegu miaka mingi. Na soma juu ya Zhang na Blumwald, 2001: waliiongezea nyanya jeni moja inayosukuma sodiamu kwenye ghala la ndani ya seli, ikazaa kwenye milimola 200, na chumvi nyingi ikabaki kwenye majani, tunda likabaki salama. Nyanya ile ya utafiti ilioteshwa upya kutoka kwenye vipande vya mmea chupani. Hapo ndipo tishu ilipofanya kazi ambayo shamba lisingeweza.

Swali, kutoka Kigamboni

Mama Bustani, habari za siku mwenzangu. Kisima chetu kina chumvi ya kiasi, kilipimwa EC 3 na kidogo. Shemeji anasema nimwage chokaa bustanini, mwingine anasema jasi. Nina matembele, bamia na mnafu wa kuuza.

Jibu

Salama mwenzangu, poleni na kiangazi. Chokaa acha, haiondoi chumvi. Jasi inafaa pale udongo unapokuwa umeshikana, maji yakisimama juu bila kuzama kwa sababu ya sodiamu. Mchanga wa Kigamboni mwingi unapitisha maji vizuri, kwa hiyo jasi utapoteza pesa. Dawa yako ni maji baridi ya kusukuma chumvi chini, na maji hayo yako juu ya bati lako.

Bati la mita 10 kwa 6 hukusanya lita 60 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 1,200, yaani simtanki la lita 1,000 linajaa na kumwagika. Changanya nusu kwa nusu na maji ya kisima, ile 3 inashuka hadi kama 1.5, na hapo matembele yatakusamehe. Bamia na mnafu wape maji ya mvua matupu wakiwa wachanga.

Kama unamwagilia kwa mipira ya matone, kuna jambo moja la kuangalia vuli ikianza. Mvua ndogo ya kwanza huisukuma ile chumvi iliyojikusanya pembeni na kuirudisha kwenye mizizi, na watu wengi siku hiyo hufunga koki wakidhani Mungu kawapumzisha. Usifunge. Acha matone yaendelee mpaka mvua kubwa ije ioshe udongo sawasawa. Na maji ya dakika za mwanzo kutoka kwenye bati yaelekeze nje, yana vumbi na kinyesi cha ndege, tanki lipokee yanayofuata.